Kapeti la Dereva



Wapendwa wasomaji, katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mafungo, za madaraja matakatifu na za michezo. Sisi tunaleta habari ya makapeti ya mpira ya gari la parokia. Tumetumwa. Baba Paroko aliyetulea katika mwaka wetu wa kichungaji alituambia siku ya kuagana: "Mkifika seminarini andikeni habari ya lile kapeti. Wenzenu nao watapewa gari la kuosha." Alitaka tuandike yote, pamoja na zile siku mbili tulizonyamaza, ila jina lake na la parokia tusiyataje. Basi tunaanza.

Tulikuwa mafrateri wawili. Parokia yenyewe iko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Baadhi ya vigango vyake vinafikika kwa boti tu. Vilivyo huku juu, kwenye migomba na michikichi, na vichache vya ufukweni, vinafikika kwa gari, na gari ni moja: Land Cruiser ya zamani, ile ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Mjini gari la padri ni gari la padri. Kule ni gari la wagonjwa, la jeneza, la kwaya na la saruji ya kigango kipya. Usiku linampeleka mama mjamzito Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, asubuhi linatoka Kibirizi na magunia ya dagaa wa shule, mchana linapita sokoni Ujiji kuchukua madumu ya mawese.

Yote hayo huishia chini, miguuni. Udongo wa kule ni mwekundu. Kiangazi ni vumbi linaloingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa, masika ni tope linalong'ang'ania soli. Juu ya tope huja maji ya dagaa, na juu ya maji ya dagaa mawese yaliyovuja kwenye dumu lenye mfuniko mbovu. Siku nyingine damu. Baada ya miezi miwili tukawa tunayasoma makapeti kama daftari la parokia: magamba ya mgebuka nyuma, mchanga wa ufukweni upande wa abiria, nta ya mshumaa wa mazishi, punje za mahindi ya matoleo. Chini ya pedali za dereva palikuwa na mabonyeo mawili ya visigino vya Baba, yamechimbika kwa miaka.

Kusema kweli kazi hiyo hatukuipenda. Tulikuwa tumetoka kumaliza falsafa, tukitegemea kuhubiri, tukapewa brashi na ndoo. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879 baada ya safari ya miguu kutoka pwani, na sisi tukawa tunataniana kwamba angalau wao hawakuwa na makapeti ya kuosha.

Ijumaa moja, siku mbili kabla ya Kipaimara, tuliamua gari ling'ae. Baba Askofu anakuja. Maua ya kanisani yalikuwa mikononi mwa WAWATA, nyimbo zilikuwa za kwaya, sisi tulibakiwa na gari. Makapeti tuliyasugua yakatakata, lakini yalipokauka yakawa ya kijivu, yamepauka kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga ziwani bila kujipaka mafuta. Hapo ndipo tulipojiona wajanja. Mtoto aliyepauka si hupakwa mafuta? Tena kijana mmoja anayeosha magari mjini aliwahi kutuambia kwamba ukitaka mpira uwe mweusi kama mpya, changanya mafuta na dizeli kidogo, pitisha kitambaa. Dizeli ya jenereta ilikuwepo. Mafuta tukachukua ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa la chikichi, ambayo akina mama hujipaka na kutengenezea sabuni. Tukapaka makapeti yote, la dereva tukalirudia mara mbili kwa heshima. Jamani, yaling'aa. Tulisimama mlangoni tukiyatazama kama watu waliochora picha.

Saa tano usiku mlango ukagongwa. Mzee wa kigango cha ufukweni amezidiwa, anaomba Mpako wa Wagonjwa. Baba alichukua mafuta matakatifu, stola na Komunyo, akavaa ndala kwa haraka, tukaondoka. Mvua ilikuwa imenyesha jioni. Mmoja wetu alikaa mbele, mwingine nyuma pamoja na kijana aliyeleta taarifa. Kwenye mteremko wa mwisho, ule unaoshukia kijijini, Baba alikanyaga breki na mguu ukateleza ukatoka. Akakanyaga tena, safari hii ndala ikaangukia pedali ya mafuta. Gari likaruka mbele. Alivuta breki ya mkono, akakata kona kushoto kwenye mchanga, tukasikia miti ikivunjika, kisha kimya.

Tulikuwa tumeingia kwenye chanja ya kuanikia dagaa. Nguzo nne zilikuwa chini, waya umekunjamana, turubai limepasuka, na dagaa wa mama wa watu wamemwagika kwenye tope mbele ya taa za gari. Hakuna aliyeumia. Safari iliyobaki tuliimaliza kwa miguu, tukikimbia, na mzee tulimkuta akiwa na akili zake zote. Alipakwa, akapokea Komunyo, akatuombea sisi heri.

Tuliporudi kwenye gari, Baba aliketi kwenye kingo ya mlango akishika goti lake la kulia. Ni mtu aliyepita miaka 60, na goti hilo lilimsumbua tangu alipoanguka na pikipiki zamani. "Mguu umenikataa," alisema. "Nimekanyaga, nimeona kabisa nimekanyaga, kumbe mguu haupo." Tochi ya simu ilikuwa mkononi mwetu. Mwanga wake ulikuwa umeangukia kapeti, na juu ya ule weusi unaong'aa palikuwa na mstari mrefu mahali ndala ilipopita. Tulitazamana. Hatukusema kitu.

Asubuhi, kabla ya Misa, tulikwenda na kitambaa kikavu tukalipangusa lile kapeti. Nia haikuwa usalama wa mtu. Tulitaka mtu mwingine asione tulichokiona. Jumamosi hiyo Baba alimpa mwenyekiti wa vijana ufunguo wa gari, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akamwambia, "Wewe uendeshe, mimi miguu imechoka." Tukabeba viti vya Kipaimara tukipita mbele yake, tumeinamisha vichwa.

Jumapili ibada ilikuwa nzuri mno. Baada ya Misa tulikuwa tunawanawisha wageni maji, na ndipo tukamsikia Baba akimwambia Askofu kwa sauti ya chini: "Naona wakati umefika. Mguu hauniitikii tena, na parokia hii huwezi kuihudumia bila kuendesha. Unitafutie mahali pa tambarare." Askofu akamjibu kwamba watazungumza. Sisi tulikuwa na jagi mkononi, na maji tuliendelea kuyamimina mpaka mgeni akasema yanatosha.

Usiku huo, baada ya Sala ya Mwisho, tulibisha mlangoni kwake. Tulikuwa tumepanga maneno marefu ya kuanzia, yote yakapotea. Mmoja wetu akasema tu, "Baba, mguu wako ni mzima."

Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua tochi, akatoka nje, akalichomoa kapeti la dereva, akapitisha kiganja juu yake, akanusa. "Dizeli," alisema. Akanusa tena. "Na mise." Akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, na sisi tukaanza kucheka naye tukidhani yamekwisha. Alipomaliza alitutazama. "Ijumaa mlinyamaza, nawaelewa, mliogopa. Jumamosi je?" Hatukuwa na jibu. Hadi leo hatuna.

Jumatatu asubuhi alituita chini ya mwembe wa nyuma ya nyumba (mwembe wa kawaida, si ule wa Ujiji wa Stanley na Livingstone) na kutupa somo. Tulikuwa hatujui kwamba aliwahi kufundisha kemia katika seminari ndogo kwa miaka mingi. Mpira, alisema, umetengenezwa kwa nyuzi ndefu sana zisizoonekana kwa macho, zilizojiviringisha kama tambi. Utomvu mtupu wa mti wa mpira huyeyuka kwenye joto na kunata. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa, salfa inazifunga zile nyuzi mojamoja kwa nyingine, na mpira unabaki na umbo lake hata ukivutwa. Sasa dizeli na mafuta ya kupikia hupenya kati ya nyuzi na kuzisukuma zitengane. Mpira unavimba, unalegea, unanata, na mwisho unakatikakatika. Kuna mipira ya viwandani inayotengenezwa makusudi kustahimili mafuta, kama ile ya mabomba ya dizeli kwenye injini, lakini kapeti la bei ya kawaida usilitegemee hivyo.

Tukamuuliza, mbona mafuta huhifadhi vitu? Hapo akatuonyesha kwa kidevu upande wa bandarini, ingawa kutoka pale bandari haionekani. Wasomaji wa Kigoma mnaijua Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipandevipande, wakaileta kwa meli na reli hadi Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowazidi, waliizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba, kwa mitambo ileile. "Grisi iliokoa chuma," Baba alisema, "kwa sababu adui wa chuma ni maji na hewa. Mpira adui yake ni hiyo grisi. Ninyi mmeliosha kapeti kama meli."

Sasa tueleze namna alivyotufundisha, maana ndiyo sababu ya kutumwa.

Kwanza makapeti yote yatoke nje ya gari. Tuliwahi kuyaosha yakiwa ndani, kwa uvivu, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu maji yanabaki chini yake na sakafu ya gari inaoza kwa kutu bila mtu kuona. Yakung'utwe, yapigwe kwa upande wa chini, tope kavu litoke lenyewe. Kisha maji ya kawaida, sabuni laini na brashi ya nyuzi laini, kufuata mifereji ya kapeti. Sabuni ya kipande ya kule, ile inayotokana na mawese, inafaa kabisa. (Ndiyo, ni mafuta ya chikichi hayohayo! Yakishapikwa na kostiki yanakuwa kitu kingine.) Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiguse mpira, inaukausha na kuupasua. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ndiyo kabisa.

Harufu ya dagaa ina dawa yake, na tunaisema kwa fahari kwa sababu hii tuliijua sisi kabla ya Baba kutuambia, kutoka kwa mama mmoja jikoni: limao. Kamua limao kwenye maji, pitisha, acha dakika chache, suuza. Baba aliongeza sababu yake, kwamba vinavyonuka kwenye samaki vina tabia ya magadi, na uchachu wa limao unavituliza.

Kukausha ni kivulini. Jua kali linaulia mbali mpira. Weusi wa kapeti, kama wa tairi, unatokana na masizi yanayochanganywa kiwandani, na masizi hayo huukinga na jua, lakini kinga ina mwisho wake. Tulizoea kuyaanika kwenye ukuta mchana kutwa, yakawa na nyufa ndogo kingoni kama mdomo wa mtu mwenye homa. Siku hizi, chini ya mwembe, yamelazwa juu ya gogo nene, maana waya mwembamba huyaachia mkunjo. Yakauke pande zote mbili ndipo yarudi.

Na kung'arisha? Baba alitujibu kwa kuuliza: "Nani anatazama kapeti?" Tukasema, abiria. Akasema, basi abiria aone safi, inatosha. Rangi ya kijivu inayobaki baada ya kuosha si uchafu wala ugonjwa. Kuna dawa za dukani za kulinda mpira zisizo na mafuta, na mwenye gari la kifahari anaweza kuzipaka kwenye tairi na hata makapeti ya nyuma. Chini ya miguu ya dereva usipake kitu chochote, hata kama kopo linaahidi nini.

Jambo la mwisho aliligundua yeye alipokuwa anarudisha kapeti. Chini ya lile la mpira palikuwa na kapeti jingine la kitambaa, tuliloliweka sisi ili kuzuia vumbi. Alilitoa kimyakimya. Kisha akatusimulia habari iliyotikisa dunia ya magari: Agosti 2009, California, Marekani, watu wanne walikufa ndani ya Lexus waliyoazimwa na wauzaji. Uchunguzi ulionyesha kwamba gari lilikuwa limewekewa kapeti la mpira la gari la aina nyingine, likanasa pedali ya mafuta isirudi. Mwezi uliofuata Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 3.8 nchini humo kwa sababu ya makapeti. Kwa hiyo moja tu, la kipimo chake, limefungwa kwenye ndoano zake, na kabla ya kuwasha gari kanyaga kila pedali hadi mwisho uone inarudi.

Kuyatoa yale mafuta tuliyopaka kulichukua karibu siku nzima. Tulinyunyiza majivu makavu yanywe mafuta, tukayafagia, tukaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu mara tatu, na kila mara Baba alikuja na ndala yake iliyolowa, akaisukuma juu ya kapeti, akatingisha kichwa. Mara ya nne ndala iligoma kusogea. Lakini kona moja ya kapeti la dereva, pale dizeli ilipotuama usiku ule, ilivimba na kujipinda juu kama sikio la mbwa, haikurudi tena. Tuliikata kwa kisu ili isiguse pedali. Baba alimpigia Askofu simu mbele yetu, akasema, "Baba, ule mguu umepona," na hakueleza zaidi. Tulimshukuru kwa hilo kuliko kwa yote.

Ilibaki chanja. Mwenye chanja ni mama mjane, ana watoto wanne, na wale dagaa walikuwa wa usiku wawili wa giza la mwezi, wakati mavuno ni mazuri. Baba alitaka kulipa kutoka mfuko wa parokia. Tulimwomba atuache. Tukaenda kwake tukamweleza kila kitu, pamoja na mise. Alisikiliza huku akichambua dagaa. "Dagaa mtanilipa kidogokidogo," alisema. "Chanja mtajenga. Na mtajenga ninyi wenyewe, wanangu, msije na fundi."

Tulijenga kwa siku tatu. Ya kwanza tuliijenga ikainamia ziwani, akatuambia tuivunje. Ya pili aliikubali. Dagaa tulimaliza kulipa kwa posho yetu mwezi wa nne, na siku hiyo alitufungia kilo moja kwenye gazeti.

Tangu hapo, kila anapoomba nafasi kwenye gari kwenda kuuza Kibirizi, mama huyo hufungua mlango, haingii kwanza. Huweka mguu mmoja juu ya kapeti, husugua ndala yake kulia na kushoto mara mbili, humtazama Baba, ndipo anapanda.